Shati Jekundu la Tavaris

Jumanne, 27 Agosti

Mjukuu wangu Tavaris kapiga simu kutoka bwenini, mwaka wake wa kwanza chuoni. Furaha tupu, sauti inaruka. Bibi, anasema, kocha kaniambia leo, mwaka huu mimi ni shati jekundu!

Sukuma wiki zinaungua jikoni, nikaziacha ziungue.

Jekundu! Sisi watu wa Chuo cha Tolliver ni zambarau na dhahabu. Ukoo mzima. Wekundu ni wa Oakmere, wale wa ng'ambo ya mto, wenye pua juu. Marehemu mume wangu Lucius, wiki ya mechi na Oakmere, nyanya alikuwa hali. Tikiti maji alikuwa halitazami. Nimemzika na soksi za zambarau. Leo mjukuu wake mwenyewe avishwe jekundu, tena achekelee!

Nimeelewa mara moja. Kocha Brantley wa timu ya mpira wa Kimarekani anawapa Oakmere mtoto wetu. Siku hizi wanapeana wachezaji kama majirani wanavyopeana mbegu za maboga.

Nikamwambia hongera, mwanangu. Nikakata simu. Nikakalia ndoo.

Nimwulize mtu? Thubutu! Nikimwuliza mtu leo, kesho Verlene Gatlin wa kanisani anajua kwamba sijui. Mimi darasa sikuliona, nilikuwa shambani kwenye pamba. Herufi nimezidokoa kanisani kwenye kitabu cha nyimbo. Lakini rangi nazijua. Nyekundu ni nyekundu.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimeoka pai ya pichi, nimekwenda nayo ofisini kwa kocha. Mwili mkubwa, sauti ndogo, shingo hana. Nikamwuliza kwa adabu kama habari za shati ni za kweli. Ndiyo, Bi Odessa, akasema, na ahsante kwa kutulelea kijana.

Akaanza kueleza. Maneno! Eti Tavaris akikaa benchi msimu huu, mwaka huu hauhesabiwi, miaka yake minne ya kucheza inabaki mizima. Eti masomo yake ya uhandisi ni ya miaka mitano, na chuo kinamsomesha bure maadamu ana miaka ya kucheza, kwa hiyo mitano yote itakuwa salama. Eti anaruhusiwa kugusa mechi nne tu. Akigusa ya tano, mwaka umeliwa.

Sikusikiliza. Mtu anayekutolea mjukuu nje ya nyumba lazima awe na maneno mengi.

Nikamwuliza, ni yeye peke yake? Akacheka. Wapi, Bi Odessa, kila mwaka huwa tunawavisha wachache.

Wachache! Ana biashara kabisa!

Nikachukua pai yangu. Alikuwa ameshakata kipande. Nikachukua na kipande.

Jumapili, 1 Septemba

Kanisani. Dada Verlene kavaa kofia kama keki ya harusi, kakaa mbele yangu makusudi. Mchungaji Stokes nimemsikia, kumwona sikumwona.

Huyu Verlene ni msalaba wangu. Siku za mechi sote tunapika kwenye maegesho ya uwanja, jiko lake na langu yanatazamana kama mbuzi wawili darajani. Mjukuu wake Quincy yuko mwaka wa mwisho na ndiye mwenye namba ya Tavaris. Kazi yenyewe ni kuinama, makalio juu, na kuurusha mpira nyuma katikati ya miguu mpaka mikononi mwa mwenzako ili upigwe teke. Watu wanaicheka. Wacheke. Mpira ukienda kombo hapo, timu nzima imekwenda kombo.

Baada ya ibada akanishika mkono. Dada Odessa, hongera kwa shati jekundu! Quincy wetu naye alilivaa mwaka wake wa kwanza, na mtazame leo.

Alilivaa! Anasema mbele ya mchungaji, bila hata kushusha sauti! Sasa najua kwa nini yule mtoto kila mwaka anapeana mikono na watu wa Oakmere baada ya mechi. Jasusi!

Mpango wangu ni huu. Tavaris acheze. Watu wote wakishamwona na zambarau mwilini, kocha ataona haya kumtoa. Ili Tavaris acheze, Quincy asicheze. Simdhuru mtoto wa mtu. Nitamlisha tu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mechi ya jioni. Mchana wachezaji walipewa ruhusa ya kusalimia jamaa zao kwenye maegesho. Verlene kaenda kutafuta barafu. Nikamwita Quincy jikoni kwangu. Jasusi, lakini ana adabu, akaniamkia vizuri.

Mbavu. Mkate wa mahindi. Maharagwe. Viazi vitamu. Mbavu tena. Kila akijaribu kusimama namwambia, mwanangu, mbona umekonda hivi, huko kwenu hawawashi moto? Akala kwa heshima. Akala mpaka macho yakawa madogo.

Robo ya pili, timu inataka kupiga teke. Quincy akaingia, akainama. Hakuinuka. Wakamtoa amekunjika vilevile, kama kiti cha kukunja.

Tavaris akaingia. Mola wangu! Mpira ulitoka katikati ya miguu yake umenyooka kama mstari wa rula. Nikapiga vigelegele mpaka bendi ikapoteza mdundo. Tumeshinda.

Verlene kanijia na mwiko mkononi. Umemfanya nini mtoto wangu? Nikamwambia nimemlisha. Kumbe hakuzoea?

Ila Tavaris hakufurahi nilivyotaka. Akanibusu shavuni, akasema ni sawa Bibi, zimebaki tatu. Tatu za nini? Njaa hiyo. Nikampakulia.

Jumapili, 22 Septemba

Wiki mbili Tavaris kakaa benchi. Verlene sasa anamlinda Quincy kama yai. Sahani yake anaifunika, anakionja kila kitu kwanza. Wivu.

Mpango wa pili. Kwenye maombi ya kanisa nikasimama, nikaomba tumkumbuke Kocha Brantley, kwa ajili ya jambo analowafanyia watoto, ambalo mimi siwezi kulitamka mbele ya watu. Nikakaa. Kanisa zima likasema mmmh.

Mchungaji Stokes kamwombea kwa muda mrefu na kwa sauti.

Jumamosi, 28 Septemba

Imefanya kazi! Wiki nzima kina mama wa kanisa wamekwenda kwa kocha na vyakula vilivyofunikwa. Mmoja kamshika mkono akamwambia hujachelewa kutubu. Nasikia mke wa kocha amemwuliza maswali nyumbani.

Leo, tukiwa tunaongoza kwa alama nyingi, kocha kanitazama jukwaani, kanitazama tena, kajifuta jasho. Kamwingiza Tavaris. Mara moja tu, lakini kamwingiza.

Namchekea kwa mbali. Anatazama pembeni.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimekwenda bwenini kumfulia Tavaris. Kufua kisingizio. Nalitafuta shati lenyewe.

Nimelipata! Chini ya kitanda, jekundu kama dhambi. Nikalichemsha kwenye dawa ya kung'arishia. Jekundu likahama, likaingia kwenye soksi. Soksi zake zote za timu, pinki. Shati nalo pinki.

Kumbe ni la mwenzake wa chumba, kijana wa Georgia. Alipewa na mchumba wake. Kalia machozi, maskini. Nimemkumbatia, nimemwambia pinki inamfaa kwa rangi yake. Kweli inamfaa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya wahitimu wa zamani kurudi kutembelea chuo. Bendi mitaani, mji wote zambarau, hata mbwa wamevaa.

Habari kubwa! Quincy kajibana kidole na mlango wa gari asubuhi. Mimi simo! Nilikuwa nakaanga kambare, mashahidi ninao. Verlene haamini. Kaja mpaka kwenye jiko langu, kakagua mlango wa gari langu. Nikamwuliza kama anataka kukagua na meno yangu, nayo yanabana. Akasema ayakague ya nini, hayo ya bandia si yako. Watu wakacheka. Nikageuza kambare wangu, maana mafuta yalikuwa ya moto.

Tavaris kacheza mechi nzima. Hakukosea hata mmoja. Wajumbe wa bodi wamempongeza. Nani atamtoa sasa? Jaribuni!

Jumamosi, 19 Oktoba

Kidole cha Quincy bado. Tavaris kacheza tena. Tumeshinda tena. Nimeimba njia nzima kurudi.

Jumapili, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tavaris kaja kula. Hakugusa kuku. Nikajua kuna msiba. Akachukua vipande vinne vya mkate wa mahindi, akavipanga kwenye sahani. Bibi, hizi ndizo mechi zangu. Nimezimaliza. Akaweka cha tano, halafu akakila chote, akaniambia huu ndio mwaka wangu ukiliwa. Akaeleza huku mdomo umejaa, maana ana huzuni lakini ni mkate wangu.

Nikamwuliza, na Oakmere? Oakmere gani, Bibi? Wanaokuchukua! Hakuna anayenichukua. Na shati? Bibi, hakuna shati. Ni jina tu la kukaa nje mwaka mmoja.

HAKUNA SHATI!

Sasa kwa nini waliite shati? Nani kaita kitu shati wakati si shati, tena akachagua rangi? Kiti cha benchi si kingetosha? Hawa ndio wasomi!

Tavaris alicheka mpaka akashika meza. Halafu akajifuta macho. Akasema akipoteza mwaka huu, mwaka wa tano wa uhandisi hautakuwepo, ataondoka bila cheti. Na kocha amemwambia kwa mechi ya Oakmere, ikibidi, atamwingiza. Na yeye hatakataa. Hawezi kuwaacha wenzake.

Nikamwambia asijali, Bibi yupo. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mpango mpya. Quincy awe mzima mpaka mwisho wa msimu. Quincy asiumwe hata na mbu.

Nimempelekea supu ya mifupa. Verlene kafungua mlango, kaitazama supu, kanitazama mimi, kamwaga supu kwenye maua yake. Nikasubiri tuone kama maua yatakufa. Hayakufa. Akafunga mlango.

Ijumaa, 8 Novemba

Quincy karudi uwanjani, kidole kimefungwa plasta. Mechi mbili kacheza vizuri. Namfuata. Nimemkuta anapanda ngazi mbilimbili, nimemkemea. Nimemkuta anapika chai, nikamnyang'anya birika. Leo kamwuliza Tavaris kwa upole kama bibi yake ni mgonjwa.

Verlene kaniambia mbele ya duka la samaki kwamba ananijua. Mwezi wa tisa ulitaka kumpasua tumbo, sasa unamlinda kama yai, wewe Odessa unauza nini? Nikamwambia nauza upendo. Akasema basi ongeza bei, watu wapungue.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika koti likiwa bado mwilini.

Oakmere. Uwanjani kwetu. Upande wao mwekundu mtupu, kama kidonda. Baridi ya kukata. Asubuhi nikamwona Quincy akipuliza kidole chake kilichokakamaa. Huruma ikanishika. Nina mafuta yangu ya bata bukini na kafuri, hayajawahi kushindwa na kiungo chochote. Nikamvuta pembeni, nikamchua mikono yote miwili. Vizuri. Mpaka viwiko.

Sikufikiria habari ya mpira.

Robo ya tatu. Quincy akainama, akarusha. Mpira ukachomoka kama samaki, ukapaa juu ya kichwa cha mpigaji, ukapaa juu ya refa, Oakmere wakaudaka na kwenda nao mpaka mwisho. Mara ya pili ukaenda kwa bendi. Mtu wa tuba kaudaka.

Quincy anajitazama mikono. Verlene jukwaani anainusa hewa. Kafuri! akapiga kelele. Odessa!

Nikawa sisikii. Maana nilimsikia kocha akiita jina la ukoo wetu. Pruitt, vaa kofia!

Tavaris akasimama. Kofia yake ngumu ilikuwa kwenye benchi, na mimi ninakaa safu ya mbele, kati yangu na benchi ni kamba tu. Sijui nilivukaje. Lucius angenicheka. Nilichojua ni kwamba nimeikalia kofia, sketi nimeitandaza, na mkono nimeuweka kifuani.

Kocha kaja mbio. Bi Odessa, nakuomba. Nikasema magoti yamekataa. Daktari wa timu kaja. Nikamwambia akinigusa nitapiga mayowe. Refa kaja kuuliza mama huyu ni wa timu gani. Watu elfu kadhaa wanatazama makalio yangu.

Halafu Tavaris akapiga goti mbele yangu. Hakukasirika, ndicho kilichoniuma. Bibi, inuka. Wenzangu wananihitaji.

Nikamwambia hivi. Wenzako wana jioni moja. Wewe una mwaka. Mimi sikupata hata mmoja, hata wiki moja ya kukaa kwenye dawati na kuitwa jina langu. Wewe wa tano hutautupa kwa ajili ya teke. Hutautupa mimi nikiwa nimekaa.

Akaniinamia, kichwa kikafika begani kwangu. Nywele zake zinanukia sabuni. Hakuomba tena.

Verlene ndiye aliyeshuka. Kofia ya keki imekaa upande. Kabeba bakuli lake la unga wa mahindi, ule wa kuvingirishia kambare. Akamkamata Quincy, akamtumbukiza mikono yote miwili ndani ya unga mpaka viwiko, akamgeuza uwanjani na kofi la mgongoni. Nenda!

Dakika ya mwisho, tuko nyuma kwa alama moja, teke moja linatosha. Quincy akainama. Wingu la unga likapanda. Mpira ukanyooka vizuri kabisa, siwezi kumdhulumu. Mpigaji akaupiga.

Ukagonga mwamba. Tong! Nilisikia mpaka kwenye kofia.

Tumefungwa. Na Oakmere. Kwa alama moja.

Verlene kapita mbele yangu anajikung'uta unga. Dada Odessa, akasema, hiyo ni kofia uliyokalia, au ni msimu?

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani hakuna aliyekaa safu yangu. Mchungaji Stokes kahubiri kuhusu kusameheana na hakunitazama hata mara moja, ndipo nilipojua ni mimi.

Tavaris kaja kula. Kala macho kwenye sahani. Mimi nami nikafuta meza iliyokuwa safi. Mwisho akasukuma sahani mbele. Nikajua anaondoka.

Kaomba aongezewe.

Nikaingia jikoni, nikalia kidogo nyuma ya friji, nikatoka na kuku.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Nimempelekea Verlene bata mzinga. Kamkagua huyo bata. Kaninusisha mimi kwanza. Halafu kanikaribisha ndani.

Quincy anamaliza chuo mwezi wa tano. Ana kazi tayari. Kaniambia Bi Odessa, sijawahi kuwa na mikono laini namna hii. Mtoto mzuri. Sikuwahi kumshuku, hata siku moja.

Verlene kauliza kama nimejifunza kitu. Nimemwambia nimejifunza kwamba bila mimi kukalia ile kofia, mjukuu wangu angekuwa hana mwaka wa tano, na bila mafuta yangu unga wake usingejulikana. Akasema tule tu.

Jumatatu, 2 Desemba

Tavaris kapiga simu. Habari njema kwanza. Mwaka wake uko mzima, kocha kaandika. Msimu ujao namba ni yake. Nikapiga vigelegele, jirani kagonga ukuta.

Halafu kasema, kwa furaha vilevile, kwamba kocha kamtafutia msaidizi wa namba yake. Kijana kutoka Texas, anakuja baada ya Krismasi. Si wa kusomeshwa na chuo. Anajilipia mwenyewe, yaani anakuja kama mtembeaji, ndivyo wanavyowaita.

Nikakaa kitako.

Mtembeaji! Oakmere wana watoto wanaokimbia kama moto wa nyasi, na sisi Brantley anatuletea mtu wa kutembea! Kutoka Texas yote ile, nchi yenye watoto wenye mapaja kama magogo, kakosa hata mmoja wa kukimbia! Na huyo ndiye wa kumsaidia mjukuu wangu akiumia!

Tavaris akasema, Bibi, mbona umenyamaza, unataka nikueleze? Nikamwambia usijichoshe, mwanangu, nenda kasome. Neno lenyewe linajieleza.

Nimeshazungumza na Mchungaji Stokes. Ananiazima mbwa wake mkubwa. Nitakuwa kituoni mapema, yule mtoto akishusha tu mguu kwenye basi, namfungulia mbwa.

Kufika bwenini atakuwa mkimbiaji.